Anayeandika Hatunzwi

Kwenye taarabu, pesa humfuata aliyeshika kipaza sauti. Mama anainuka kitini, noti kaikunja kati ya vidole viwili, anacheza taratibu hadi mbele, anaitoa pale pale kwenye mshororo unaomhusu yeye na jirani yake wa meza ya pili. Mwimbaji anapokea bila kukatisha sauti. Nimeyaona hayo Magomeni, Mbagala na Temeke miaka nenda miaka rudi, na mara nyingi mshororo wenyewe nimeuandika mimi, usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Sijawahi kutunzwa hata shilingi mia. Silalamiki sana, nalalamika kidogo. Kundi moja lilitoa albamu yenye nyimbo zangu, na kwenye jalada wakamtaja mpiga besi, wakamtaja aliyewasuka waimbaji nywele, mimi wakaniruka.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za opera, nilikuwa natafuta wenzangu. Opera ni mchezo wa jukwaani unaoimbwa, na nyingi huimbwa toka mwanzo hadi mwisho. Maneno yake huitwa libreto. Mozart tunamsikia hata sisi tusiojua kusoma noti. Lakini yale maneno kayaandika nani?

Anaitwa Lorenzo Da Ponte, na maisha yake yangetosha taarabu ya kukesha. Alizaliwa mwaka 1749 si mbali na Venice, katika familia ya Kiyahudi. Baba akabadili dini, mtoto akapelekwa seminari, akatoka padri, tena padri wa wanawake na kamari, mpaka Venice ikampiga marufuku mwaka 1779. Akaibukia Vienna, Austria, akapata kazi ya kuandikia jumba la opera la Kaisari Joseph wa Pili. Kwa Mozart aliandika tatu: Le nozze di Figaro mwaka 1786, Don Giovanni mwaka uliofuata, na Così fan tutte mwaka 1790. Katika kumbukumbu zake anajisifu kwamba kuna wakati alikuwa anaandika opera tatu kwa mpigo, za watunzi watatu, akikaa mezani saa kumi na mbili kwa siku: chupa ya mvinyo wa Tokay kulia, kidau cha wino katikati, tumbaku ya Seville kushoto. Sehemu nyingine ya habari hiyo inahusu binti wa mtunza nyumba wake, naiacha, humu wanapita na wanafunzi wangu.

Kilichonivutia zaidi ni uzee wake. Baada ya Vienna alikwenda London, madeni yakamwandama, mwaka 1805 akavuka bahari kwenda Marekani na huko akawa mwenye duka la vyakula. Mtu aliyeandika Don Giovanni anapima sukari! Mwaka 1825 Chuo cha Columbia kule New York kikamfanya profesa wa Kiitaliano, na mwaka huo huo likaja kundi la waimbaji kutoka Ulaya, naye akahangaika mpaka Don Giovanni ikaimbwa mjini humo mwaka 1826. Alikuwa na umri wa miaka 77. Mozart alishalala kaburini zaidi ya miaka 34.

Sasa kazi yenyewe. Figaro ilitokana na mchezo wa Mfaransa, Beaumarchais, ambao Kaisari alikuwa amekataza usichezwe Vienna kwa sababu mtumishi anawasema mabwana bila kumung'unya maneno. Katika tendo la mwisho la mchezo ule Figaro anatoa hotuba ndefu ya kuwasuta watu wa ukoo bora. Da Ponte aliing'oa yote. Mahali pake akaweka wimbo wa Figaro kuwaonya wanaume juu ya hila za wanawake. Siasa ikatoka, wivu ukaingia, ruhusa ikapatikana. Lakini anayesikiliza anajua kwamba bwana mkubwa ndiye anayemtaka mchumba wa mtumishi wake, na hilo Da Ponte hakuligusa. Nani katika waandishi wa taarabu hapa mjini asiyeijua mbinu hiyo? Unaimba mapenzi, ukumbi mzima unajua unamsema nani.

Haya yote nisingeyafuatilia kama si Fundi. Ni mtoto wa Tanga, Jumamosi anapiga kinanda harusini, katikati ya wiki anafundisha watoto muziki uani kwake Temeke. Jina analo, ila mtaa mzima unamwita Fundi, na yeye ananiita Mwalimu ingawa hajawahi kukaa darasani kwangu. Tumefanya nyimbo nyingi pamoja. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, mimi nimechoka na wimbo wa dakika kumi na mbili. Nataka mchezo mzima uimbwe, mtu asiongee hata neno." Nikamwambia kitu hicho kipo, kina miaka zaidi ya mia nne, na Waitaliano walishakigombania sana. Ndipo tukaanza.

Kisa chetu ni cha mirathi. Mzee amefariki, ameacha nyumba Magomeni, upande wa Mapipa, vyumba sita na baraza, na watu wanne wanaoitolea macho: mke mkubwa, mke mdogo, mdogo wa marehemu, na dalali. Hakuna mtu wa Dar es Salaam atakayehitaji kuelezwa zaidi.

Swali la kwanza ambalo kila mtu hutuuliza ni lile la kuku na yai: yanaanza maneno au unaanza muziki? Vienna walilifanyia mzaha zamani. Tarehe 7 Februari 1786, katika bustani ya kasri la Schönbrunn, zilichezwa opera fupi mbili siku moja, moja ya Mozart na nyingine ya Salieri. Ile ya Salieri, iliyoandikwa na Giambattista Casti, inaitwa Prima la musica e poi le parole, yaani kwanza muziki, maneno baadaye. Mtunzi ana muziki tayari, mshairi anapewa siku nne ayapachike maneno. Huyo mshairi namjua vizuri. Mozart mwenyewe, katika barua kwa baba yake mwaka 1781, alisema kwamba katika opera ushairi uwe binti mtiifu wa muziki. Nilimsomea Fundi, akacheka mpaka akapaliwa. Ila barua hiyo Mozart aliiandika kabla hajakutana na Da Ponte. Binti aliyemwangukia baadaye hakuwa mtiifu kiasi hicho.

Kwetu sisi yanakuja yote mawili, na kinachotupatanisha ni simu. Fundi ananitumia sauti usiku, anapiga kinanda na kuimba maneno ya kupachika tu, ili nipate mizani. Wimbo wa dalali ulinifikia hivi: "Chipsi mayai, chipsi mayai na kuku." Nilikasirika mpaka niliposoma habari za Puccini. Alipokuwa anatunga La bohème, iliyotoka mwaka 1896, alikuwa na tuni ya Musetta lakini hana maneno. Akawapelekea waandishi wake mshororo wa kipimo: "Cocoricò, cocoricò, bistecca." Jogoo anawika, kisha steki. Kumbe wanamuziki wote wanatunga wakiwa na njaa. Kutoka kwenye jogoo huyo na steki yake ukapatikana mshororo ambao waimbaji wa kike wa dunia nzima wanauimba hadi leo, "Quando m'en vo' soletta per la via", mwanamke anatembea peke yake barabarani na watu wote wanageuka kumtazama. Mizani kumi na moja, sawasawa na kipimo alichopewa.

Puccini alihitaji watu wawili kwa kazi hiyo. Luigi Illica alipanga kisa, nani anaingia, nani anatoka, ugomvi uanze wapi. Giuseppe Giacosa akageuza kuwa mashairi. Giacosa alitishia kujiondoa zaidi ya mara moja kwa sababu Puccini hakuchoka kubadilisha, na mchapishaji wao, Giulio Ricordi, ndiye aliyekuwa akiwakalisha chini. Mimi ni Illica na Giacosa kwa pamoja, na mpatanishi wetu ni mke wa Fundi, ambaye akisikia sauti zimepanda huleta kahawa na kukaa katikati yetu bila kusema kitu.

Waitaliano na Waswahili, nikiri, tumepewa bahati moja. Maneno yetu huishia na irabu, na ya kwao mengi vilevile. Mwimbaji akifika juu anakuta mlango uko wazi. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wao mara nyingi hivyo hivyo. Fundi ana sheria yake: noti ya juu apewe "a". Ukimpa "i" ananuna, ukimpa "u" anarudisha ubeti mzima. Nimeshabadilisha vina vya wimbo mzima kwa ajili ya irabu moja, jambo ambalo hakuna mhariri wa diwani angethubutu kuniomba.

Lakini nililokuja kugundua kwenye daladala, foleni ya Chang'ombe, spika masikioni, ndilo lililonifanya niandike leo. Nilikuwa nasikiliza Rigoletto, opera ya Verdi ya mwaka 1851, maneno ya Francesco Maria Piave. Kuna mahali pale wanaimba watu wanne. Bwana mmoja mhuni anamtongoza Maddalena ndani ya nyumba, Maddalena anamcheka, na nje gizani yuko Gilda aliyedanganywa na bwana huyo huyo, pamoja na baba yake Rigoletto anayetaka kisasi. Yule bwana anaanza: "Bella figlia dell'amore, schiavo son de' vezzi tuoi." Vidole vyangu vikahesabu vyenyewe. Nane, kisha nane. Mizani kumi na sita, ukwapi na utao, kama shairi lolote ninalofundisha ubaoni! Piave hakuwa na habari nasi, na sisi hatukuwa na habari naye.

Wala si mbali kama unavyodhani. Jumba la opera la Cairo lilifunguliwa mwaka 1869 kwa Rigoletto hii hii, na mwaka 1871 likatoa Aida, ambayo Verdi aliitunga kwa ajili ya Misri. Miaka hiyo hiyo Sayyid Barghash alikuwa amekalia kiti Unguja, na inasimuliwa kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na huko ndiko taarabu yetu inapohesabia ukoo wake. Sisemi kijana yule aliingia kwenye opera. Nasema ulikuwa mji mmoja.

Basi, tuwarudie watu wanne. Kwenye kikao cha ukoo, watu wanne wakisema kwa pamoja ni fujo, mjumbe wa mtaa ataitwa. Kwenye muziki ndipo raha ilipo. Victor Hugo, ambaye mchezo wake Le roi s'amuse ndio uliogeuzwa kuwa Rigoletto, hakupenda kabisa kazi yake ichukuliwe. Lakini inasimuliwa kwamba aliposikia sehemu hiyo ya sauti nne alisema laiti na yeye angeweza kuwafanya watu wanne waseme kwa pamoja jukwaani na kila mmoja aeleweke. Watu husifu Verdi kwa hilo, na wana haki. Mimi nilikwenda kuyasoma maneno. Piave amempa kila mtu jambo moja tu la kutaka, na amehakikisha tunalijua kabla sauti hazijachanganyika. Zikishachanganyika, neno halisikiki tena na wala halihitajiki, kwa kuwa msikilizaji anaikumbuka haja ya kila mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa libreto nionavyo mimi: ajue nani anamtaka nani, kwa nini ashindwe, na ni wakati gani yeye mwandishi ajiondoe. Ushairi mtamu ni nyongeza.

Hapo ndipo mimi na Fundi tulipokorofishana. Nilikuwa nimemwandikia mke mkubwa ubeti huu, na naupenda:

Tofali la kwanza langu, nililibeba kichwani,
Maji ya zege na yangu, niliteka kisimani,
Leo mnanipa fungu, la kulala barazani.

Fundi akausoma mara mbili, akausifu, akaniomba maneno matatu: "Fungu langu barazani." Basi. Mengine kata. Nikamwuliza tofali liende wapi, na kisima je. Akasema tofali litapigwa na besi, kisima atakipiga yeye kwa kinanda, "na Mwalimu, huyu mama ameshakasirika, mtu aliyekasirika hana pumzi ya mishororo mitatu."

Tulinuniana. Katika kununa kwangu nikakutana na barua za Verdi. Mwaka 1870, akimwandikia Antonio Ghislanzoni aliyekuwa akimtungia maneno ya Aida, anamwomba neno la jukwaani, neno linalochonga hali ilivyo na kuifanya ionekane wazi, hata kama mshairi italazimu aachane na kina na mizani kwa ajili yake. Nikaona hawa watu ni ukoo mmoja. Kisha nikajaribu jambo la utundu. Nikaimba ubeti wangu kwa tuni ya "Bella figlia". "Tofali" likatoka kama linatamkwa na mtalii, mkazo ukaangukia mwisho. "Leo mnanipa fungu" ikajikwaa katikati. "Fungu langu barazani" ikakaa tuli, mkazo kwa mkazo, na ile "a" ya "barazani" ikiwa juu kabisa mahali Fundi anapopataka. Nilimpigia simu nikamwimbia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa usiniibie Verdi, nitatunga yangu."

Tulikubaliana hivi: ubeti mzima unaimbwa mapema, mke mkubwa akiwa peke yake anafagia baraza, penye sauti nne yanabaki maneno matatu. Bado naamini "niliteka kisimani" ingefaa pale. Fundi bado anaamini hapana.

Nisiwaoneshe Verdi kama baba mwema. Piave alimvumilia kwa miaka, akikemewa kwa barua, "fupisha, fupisha," akaandika na kufuta. Ila Piave alipopatwa na kiharusi mwaka 1867, akawa hawezi kusema wala kuandika hadi alipofariki mwaka 1876, Verdi alisaidia familia yake. Na yule aliyekuja baada yake, Arrigo Boito, aliwahi kumtukana. Mwaka 1863, kijana wa miaka 21, Boito aliandika shairi akisema madhabahu ya sanaa ya Italia imechafuliwa kama ukuta wa danguro. Verdi akajihesabu ndani yake na hakusahau. Ilipita miaka kumi na sita kabla Ricordi hajafanikiwa kuwaweka meza moja. Hata baadaye, mwaka 1884, gazeti lilipodai Boito anatamani angeutungia muziki Otello yeye mwenyewe (maana naye alikuwa mtunzi wa muziki), Verdi alitaka kumrudishia maneno yake. Boito akamwandikia kwa unyenyekevu kwamba Otello ni ya Verdi. Mwaka 1887 ikatoka.

Alichofanya Boito kwa Othello, mchezo wa Shakespeare uliozaa opera hiyo, kilinitia moyo wa kukata. Tendo zima la kwanza, lile la Venice, alilitupa. Opera inaanza Cyprus, dhoruba baharini, watu wanapiga kelele ufukweni. Mistari zaidi ya 3,000 ikashuka chini ya 800. Baada ya kusoma hivyo nikalifuta tendo letu la kwanza lenye ugonjwa, hospitali na mazishi. Tunaanzia siku ya arobaini, sufuria za pilau bado ziko uani, na dalali ameshaingia na futi ya kupimia.

Wagner, mtunzi wa Kijerumani, alijiandikia maneno yake yote. Ukiona urefu wa opera zake utajua hakuwa na mtu wa kumwambia "kata".

Jambo dogo la mwisho kwa wanaotaka kujaribu kazi hii: maelekezo ya jukwaani yaandikeni kwa wino wa rangi nyingine. Hugo von Hofmannsthal alimwandikia Richard Strauss maneno ya Der Rosenkavalier, ya mwaka 1911, na pembeni ya maneno ya Baron Ochs akaelekeza kwamba aseme kwa siri, kwa kunong'ona kama rafiki. Strauss akayatungia muziki hayo maelekezo! Yakabaki, na Baron anayaimba mpaka leo. Yangu mimi ni mekundu.

Sauti tatu tumeshapata. Mke mkubwa anaimbwa na mama mmoja wa kwaya mwenye sauti ya kutikisa bati, mke mdogo na shemeji ni vijana wa Fundi. Dalali ndiye tunayemtafuta. Mazoezi ni jioni za katikati ya wiki, Temeke, nauli tunarudisha. Awe mwanamume mwenye sauti nzito, pumzi za kutosha, ulimi mwepesi, na asione haya kuimba "asilimia kumi" mbele ya wajane wawili wanaolia. Mwenye kumjua aniandikie.